Mtu Hapimwi kwa Mzani wa Dhahabu

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika ibada ya Jumapili asubuhi, siku ya mwisho ya mkutano wetu. Wengi waliomba nakala, kwa hiyo tunaichapa kama alivyoisoma. – Mhariri)



Kamati iliponiandikia kunitaka nizungumze asubuhi hii juu ya swali la "Mimi ni nani?", nilidhani barua imepotea njia. Mimi si mchungaji wala mwalimu. Ninauza misumari, saruji na mabati pale Katoro, mkoani Geita, na kanisani kwetu kazi yangu ni kuhesabu sadaka. Lakini Ndugu Katibu aliniambia kwamba kamati inamtaka mtu aliyewahi kulikosea swali hilo. Hapo nikakubali, maana kwa sifa hiyo sina mpinzani.

Jana jioni tulijitambulisha ukumbini. Nilisikiliza kwa makini. Wengi wetu tulitaja jina kwa haraka, kama mtu anayepita mlangoni, kisha tukakaa kitako kwenye cheo: mkurugenzi, mhandisi, meneja, mstaafu wa idara fulani. Si dhambi kutaja kazi. Lakini zamu ilipofika kwenye safu ya nyuma, kiti kimoja kilikuwa kitupu. Mwenzetu aliyekikalia alikuwa ametoka nje kabla ya kufikiwa. Simtaji, wala sikumfuata kumwuliza. Nilimwelewa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikaa miaka kumi na miwili bila kukanyaga hapa, kwa kuogopa dakika hiyo hiyo ya kusimama na kusema mimi ni nani.

DUARA LA KWANZA NA DUARA LA PILI

Nilimaliza Kidato cha Nne hapa mwaka 1999. Baba yangu aliuza ng'ombe watatu ili nisome, na ninyi mnaotoka vijiji vya Usukuma mnajua kwamba ng'ombe watatu si fedha tu. Ni mahari, ni chakula cha mwaka wa njaa, ni heshima ya mzee mbele ya wenzake. Matokeo yalipotoka mwaka 2000, nilikuwa nimepata sifuri. Vijana, mnajua jinsi sifuri inavyosomeka ubaoni: jina la mtu, namba yake ya mtihani, kisha duara tupu.

Sikurudi nyumbani kumweleza baba. Nilipanda lori kwenda Geita. Ulikuwa mwaka ule ule mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza kutoa dhahabu, na kila kijana wa kanda hii alikuwa na habari zake. Lakini kwenye lango la mgodi mkubwa huulizwa cheti, nami cheti changu kilikuwa cha kuficha. Nikaenda kwa wachimbaji wadogo. Huko shimo la mchimbaji huitwa duara. Basi nikatoka katika duara moja nikaingia katika duara jingine, na humo nikakaa miaka saba. Jina la machimbo hayo naliacha, kwa kuwa waliokuwapo bado wako hai, na wana watoto.

Kwa faida ya wale ambao dhahabu wameiona dukani tu, nieleze kazi yenyewe. Mtu hushuka kwa kamba, futi nyingi chini ya ardhi, penye matimba ya miti yanayozuia kuta zisianguke. Hupasua mwamba, mawe hutiwa mifukoni, na mifuko hupandishwa juu. Mifuko hiyo hugawanywa: fungu la mwenye eneo, fungu la mwenye duara, na kinachobaki ni cha wachimbaji. Mawe huponda-pondwa, kisha husagwa kwenye karasha mpaka yawe unga. Unga huoshwa mwaloni kwa maji, juu ya magunia yanayonasa kilicho kizito. Kilichonaswa huchanganywa na zebaki karaini, hukamuliwa kwa kitambaa, halafu huchomwa motoni. Zebaki hupanda hewani, na moshi wake ni sumu, ingawa tuliuvuta kama moshi wa mahindi ya kuchoma. Kinachobaki ni kipande kidogo cha manjano, pengine kidogo kuliko punje ya mtama. Hicho ndicho kinachopelekwa mzanini.

Mzani wa mnunuzi ni mdogo, umewekewa kioo ili upepo usiuchezee. Wanaume wazima ishirini husimama kimya kuutazama. Nami nawaambieni, ukikaa miaka mingi ukitazama mzani huo, macho yako huanza kupima kila kitu. Utampima mwenzako kwa mifuko aliyopandisha. Utampima mwanamke kwa bei. Utajipima mwenyewe, na siku duara likikauka utajiona huna uzito wowote.

Machimboni hakuna aliyeniuliza jina la baba yangu. Siku moja nilimsimulia mwenzangu habari za matokeo yangu, na kufika jioni kambi nzima ilikuwa na jina la kuniita. Waliniita Sifuri. Niliitika. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nikijitambulisha hivyo mwenyewe.

DAFTARI LA MADENI

Palikuwa na mama mmoja mjane aliyetupikia ugali na dagaa kwa mkopo. Alikuwa mtu mzima sana, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Madeni yetu aliyaandika katika daftari la shule, na kambi nzima ilikuwamo humo kwa majina ya utani. Siku nilipokuja kukopa mara ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika marahaba, akaniuliza jina. Nikasema Sifuri. Akaweka kalamu chini.

"Hilo ni deni gani, baba?" aliniuliza. "Siku ya ubatizo uliitwaje?"

Nilimtajia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kulisikia jina hilo, hata kwa sauti yangu mwenyewe. Aliliandika polepole kwa herufi kubwa, na mbele yake akaandika sahani moja ya ugali. Nilicheka, nikaenda zangu. Lakini kila nilipokuja kula aliniita kwa jina hilo mbele ya wote, na wote walicheka, naye hakujali.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja kuzungumza.

Mtakumbuka, au mmesoma, kwamba kuanzia miaka ya 2006 na 2007 kanda yetu hii, yaani Shinyanga, Mwanza na sehemu za Geita, ilianza kuchafuka kwa damu ya ndugu zetu wenye ualbino. Waganga wa uongo waliwaambia wachimbaji na wavuvi kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huleta utajiri. Watu waliuawa, wengine walikatwa mikono wakiwa hai, na makaburi yalifukuliwa. Huu haukuwa ugomvi wa shamba wala wa ng'ombe. Ulikuwa ni mzani ule ule, umetolewa dukani na kuwekwa juu ya binadamu.

Usiku mmoja wa mwaka 2007 tulikuwa sita motoni. Duara letu lilikuwa limekauka miezi miwili. Mwenye duara alituambia kwamba mganga ameagiza dawa, akaitaja dawa yenyewe, akaitaja na bei. Halafu akasema kwa mzaha, kama dawa hiyo itakuwa ngumu kupatikana, basi yule mpishi wenu mwenye macho mekundu ndiye anayetufungia dhahabu. Ninyi mnajua maana ya neno hilo katika Usukuma. Vikongwe wangapi wamekatwa mapanga kwa kosa la kupikia moshi wa kuni na samadi maisha yao yote?

Wenzangu walicheka. Nami nilicheka.

Ndugu zangu, katika yote niliyoyafanya huko, hicho kicheko ndicho kinachoniamsha usiku hata leo. Maana mimi nilimfahamu mtu mwenye ualbino. Nilisoma naye hapa. Alikaa dawati la mbele, akavaa kofia pana, na kitabu alikisoma karibu na pua. Sisi tulimwita zeruzeru, na majina mengine nisiyoweza kuyatamka kanisani. Tulipokuwa Kidato cha Pili alimgeukia mmoja wetu akamwambia, "Jina langu liko kwenye daftari la mwalimu, na Mungu analijua. La kwako umelipoteza wapi, hata unahangaika kunitafutia la pili?" Tulimzomea. Alirudi kwenye kitabu chake.

Usiku ule nilimkumbuka. Asubuhi nilikwenda kwa mama nikamweleza yote, pamoja na yaliyosemwa juu ya macho yake. Nilidhani atalia au atafunga mizigo. Alikoroga uji wake, akasema, "Mimi Mungu ananijua. Wewe uliyecheka, baba, yeye anakujua kwa jina lipi?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji nikasema nilichosikia, mbele ya watu wawili. Siku ya pili nilifukuzwa kambini, bila mfuko hata mmoja wa fungu langu la miezi mitatu. Mganga alihama. Mama naye alihama baadaye kwa binti yake. Hakuna aliyekamatwa. Sitadai kwamba niliokoa mtu. Huenda yalikuwa maneno ya motoni tu. Ninachokijua ni kwamba nilitoka pale kwa miguu, sina kitu, na kwa mara ya kwanza tangu matokeo yale sikujiona sifuri.

BEI ILIKWISHA LIPWA

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilikuwa maskini zaidi kuliko siku niliyofika. Jibu nimelipata kidogo kidogo katika imani niliyofundishwa nikiwa mtoto, na ambayo nilikuwa nimeiacha kama koti la shule.

Imani hiyo yaanza na jambo ambalo tulilikariri wote katika mafundisho: kwamba Mungu alimwumba mtu kwa mfano wake. Tulilikariri bila kulifikiri. Fikirini pamoja nami. Dhahabu ikiwa ndani ya mwamba, futi mia chini, hakuna aliyeiona wala kuiuza, bado ni dhahabu. Mnunuzi akija na mzani wake hataifanya dhahabu. Atasema tu ni kiasi gani na yeye yuko tayari kutoa nini. Basi thamani ya mtu iliwekwa na yule aliyemwumba, kabla ya mtihani, kabla ya mshahara, kabla ya ndoa. Watu wataweka bei zao. Bei hizo hupanda na kushuka.

Tena Mtume Petro, alipowaandikia Wakristo wa mwanzo, aliwakumbusha kwamba hawakukombolewa kwa fedha wala kwa dhahabu, bali kwa damu ya Kristo. Sisi wa Geita na Shinyanga tungepaswa kuielewa hoja hiyo kuliko watu wote duniani. Na Petro hakuwa akiwahubiri watu asiyoyajua. Yeye naye aliota moto usiku, akaulizwa kama anamfahamu mtu aliyekuwa hatarini, akakana mara tatu. Lakini Bwana wake alikuwa amempa jina jipya zamani, kabla ya kosa lile, akijua udhaifu wake wote, na baada ya kosa hakumnyang'anya. Jambo hilo hunifariji sana. Jina ulilopewa kwa upendo halifutwi kwa sababu ulilikosea heshima.

Mwaka 2015, huko Nyangarata wilayani Kahama, mgodi ulititia tarehe 5 Oktoba. Wachimbaji watano walikaa chini ya ardhi siku 41, wakiishi kwa maji yaliyodondoka na kwa kula mende na vyura. Wenzao waliosikia sauti zao waliwafukua wakiwa hai. Waliochimba hawakuuliza waliomo humo chini wana daraja gani, wala wana gramu ngapi mifukoni. Walisikia sauti ya watu, nayo ilitosha. Nilipozisikia habari hizo nilisema moyoni, hivi ndivyo Mungu anavyotutafuta, na hivi ndivyo anavyotaka tutafutane.

Yafaa pia niseme ukweli juu ya upande wa pili, nisije nikawadanganya vijana. Kuvaa msalaba hakumkingi mtu na mzani ule. Mahakama Kuu iliyokaa Kahama mwaka 2009 iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua kijana wa miaka 14 wa Bukombe mwenye ualbino. Mwaka huo huo Serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi. Wengi tulidhani mambo yamekwisha. Lakini mwaka 2024, huko Muleba mkoani Kagera, mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu aliuawa, na kati ya walioshtakiwa walikuwamo baba yake mzazi na padri. Kuhukumu ni kazi ya mahakama, si yangu. Lakini mashtaka hayo peke yake yanatosha kutuonya kwamba mtu aweza kusimama karibu sana na madhabahu huku mzani uko mfukoni mwake.

Na si Wakristo peke yetu tunaoulizwa. Tuna ndugu zetu Waislamu katika mkutano huu, nao wanafundishwa kwamba mwanadamu ametukuzwa na Muumba wake. Wakati wa mauaji yale mashehe na maaskofu walilaani pamoja. Mimi nasema kwa lugha ya nyumbani kwetu. Wao wana ya kwao.

NENO KWA WADOGO ZETU

Nina mambo matatu.

La kwanza, someni kwa bidii. Sikuja kuwaambia kwamba mtihani ni upuuzi. Baba yangu alikufa mwaka 2004 kabla sijarudi kumwomba radhi kwa ng'ombe wake watatu, na uchungu huo ninao. Lakini mtihani unapima mlichojibu saa tatu za siku moja. Ukishinda, usidhani umepewa jina jipya. Ukishindwa, usikubali kupewa jina jipya. Rudi nyumbani ukamwambie mzazi wako. Nguo ya kuazima haisitiri mwili, nayo sifa ya cheti ni nguo ya kuazima.

La pili, chungeni vinywa vyenu. Katika shule hii wamo wenzenu wenye ualbino, kama alivyokuwamo wetu. Ualbino ni kurithi kutoka kwa baba na mama wote wawili, ambao wao wenyewe waweza wasiuonyeshe. Hauambukizi, wala hauna uchawi. Mwenzenu anachohitaji ni kofia, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua, ambayo siku hizi hutengenezwa hapa hapa nchini, kule Moshi, na kukaa mbele ili aone ubao. Hapa Shinyanga, pale Buhangija, watoto wengi wenye ualbino waliletwa kuishi shuleni kwa sababu nyumbani hawakuwa salama. Wako watoto waliokulia pale bila kulala kwa mama zao kwa miaka. Yote hayo yalianza na majina. Mtu hakatwi mkono siku ya kwanza. Siku ya kwanza hunyang'anywa jina, na wengine wakacheka.

La tatu, mkijiona hamna thamani, msiende kuiulizia mzanini. Nendeni kwa mtu anayewaita kwa jina. Pengine ni bibi, pengine mwalimu, pengine mwinjilisti wa kijijini asiye na viatu vya maana. Mungu amewatawanya watu hao kila mahali. Wangu alikuwa na daftari la madeni.

Nimalizie na yule mwenzetu wa dawati la mbele. Nilimtafuta mwaka 2012, mwaka niliorudi hapa mara ya kwanza. Alikuwa ameshakuwa mwalimu. Nilimsimulia habari za moto ule na kicheko changu. Alinyamaza kitambo kirefu, mpaka nikadhani ataondoka. Kisha akasema, "Mwaka ule wa 2007 nililala na panga chini ya kitanda, na mke wangu alilala mlangoni. Kwa hiyo usinitake niseme kwamba si kitu." Akanishika mkono. "Lakini umekuja kuniambia. Kaa tule." Leo yumo humu kanisani. Ameniruhusu kusimulia, ila jina lake amesema niliache, kwa kuwa asubuhi hii anataka asikilize kama mtu mwingine yeyote.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja kwa kamati. Mwakani kitabu cha mahudhurio kiwe na safu mbili tu: jina la mtu, na mwaka aliomaliza. Safu ya cheo ifutwe. Halafu mmoja wetu, nami niko tayari, aende kumtafuta yule ndugu aliyetoka nje jana, amwambie kwamba kiti chake kipo, na kwamba hatutamwuliza kitu kingine zaidi ya jina lake.